Kipeuo cha Pili

Chakula cha jioni kilikuwa mezani na mke alikuwa bado anaandika. Mkono mmoja ulishika kalamu, wa pili ulishika kijiko ambacho hakikuwa kimegusa chakula tangu kitoke jikoni. Mume alimtazama, akamtazama tena, akagonga ukingo wa sahani yake, ti, ti, kisha akakohoa kile kikohozi chake kidogo kisichotoka kifuani.

"Mimi sisemi kitu, mke wangu," alisema. "Mimi nauliza tu. Hiki chakula kimepikwa au kimefanyiwa utafiti?"

Binti yao alishusha uso kwenye sahani. Alikuwa kidato cha tatu, na wazazi wake wote wawili walifundisha katika shule aliyosoma, mkosi ambao humwombei mtoto wa adui yako. Nyumbani alikuwa na baba na mama. Shuleni alikuwa na mwalimu wa Kiswahili ambaye kila mtu alimpenda, na mwalimu wa Hesabu ambaye kila mtu alimwita Kipeuo.

Jina hilo halikuja bure. Kipeuo cha pili hupokea tisa kikarudisha tatu, hupokea mia kikarudisha kumi, na mwalimu yule alikuwa hivyo hivyo kwa binadamu. Ukimpelekea kitu kikubwa, unaondoka na kidogo. Ukimwambia umepata themanini, anakuuliza ishirini umempa nani. Jina lake alilijua vizuri. Alijifanya halijui, kwa kuwa kuliuliza ni kulikubali.

Mke aliweka kalamu chini. "Nisamehe, baba watoto." Alikuwa akimwita hivyo tangu siku walipotarajia watoto wengi, wakapata mmoja. "Mtahini anakuja Ijumaa ijayo. Atakaa darasani anitazame nikifundisha kwa ile njia niliyoiandikia tasnifu. Akiridhika, nimemaliza uzamili. Asiporidhika, naanza upya, na sijui kama nina nguvu ya kuanza upya."

"Uzamili wa kukuza vipaji," alisema mume.

"Wa elimu ya sekondari. Upande wa kukuza vipaji vya wanafunzi, ndiyo."

"Kipaji kila mtu anacho. Hiki hapa." Akajigonga juu ya macho kwa kidole. "Kimewekwa usoni na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Hakihitaji kukuzwa. Ukikikuza sana kinakuwa upara."

Binti alicheka hadi akapaliwa, na mama yake naye akacheka akimpiga mgongoni. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwa mume yule. Wivu ukimshika alichekesha, na wakimcheka alijiona ameshinda, halafu mke anachukua kalamu yake na kurudi kwenye karatasi, na yeye anabaki na sahani.

"Na ule mlango wenu?" aliuliza.

"Utafungwa kama siku zote. Mwanafunzi akishaanza kazi yake, haingii mtu na hakatizwi, hata na mimi. Ndiyo njia yenyewe."

"Haya. Mimi sisemi kitu."

*

Ukweli ni kwamba kila kitu kilianza kumuuma pale alipotaka kukataa akakosa cha kukataa. Mke alipopata nafasi ya kusoma, mume alikaa akisubiri kuombwa ada. Jibu lake la kumnyima alikuwa ameliandaa vizuri, lenye upole na sababu za maana, kuhusu paa na kuhusu mtoto. Siku zikapita. Mke akajiunga na wenzake wakachangiana kwa zamu, ada ikalipwa, na lile jibu zuri likamwozea mumewe mdomoni.

Kisha likaja suala la majina. Kwa miaka yote katika chumba cha walimu yeye alikuwa Mwalimu na mke alikuwa mke wa Mwalimu. Sasa Mwalimu Mkuu, mama mcheshi asiyejua kupunguza sauti, alikuwa akimwona mlangoni anapaza, "Mume wa Mtafiti, hujambo?" na chumba kizima kinageuka. Angefanya nini? Alijibu kwamba hajambo. Akamimina chai, akakuta birika limebaki majani.

Alikuwa na silaha moja tu, ratiba. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa taaluma, na shule nzima ilikula, ikasoma na kwenda nyumbani kwa jinsi alivyopanga. Mke alipopewa kibali cha kipindi kimoja cha vipaji kwa wiki, mume alichukua penseli yake na kifutio, akakichomeka Ijumaa mwisho kabisa, saa ambayo madarasa ya chini yanaburuta madawati na kumwaga maji sakafuni. Chumba akampa stoo iliyo nyuma ya ukumbi, yenye viti vilivyovunjika miguu na madirisha yaliyopakwa chokaa.

"Nafasi ndiyo hiyo tu," alimwambia mbele ya walimu. "Kama haikufai, niambie."

"Inafaa sana. Ahsante, Mwalimu," alisema mke, na ahsante yenyewe ilikuwa ya kweli.

Ilimfaa kuliko alivyodhani. Stoo haikupitiwa na mtu. Vioo vya chokaa vilizuia macho, na kelele za usafi zilificha sauti za ndani, kwa hiyo watoto wasiowahi kunyoosha mkono darasani walikuwa wakiingia mle na kufanya mambo. Alikuwamo kijana mwenye kigugumizi aliyetangaza mpira bila kukwama hata neno. Alikuwamo msichana aliyeshona begi kwa mwavuli mbovu. Habari hizo mume alizipata kwa kusikia watu wakisimuliana, maana yeye hakualikwa, na kicheko kilichovuja kutoka stoo kila Ijumaa kilimpata akiwa ofisini akiziba mashimo ya ratiba, kikamchoma kama mchanga kwenye kiatu.

Kibaya zaidi, mke alikuwa na msaidizi. Mwalimu wa Fasihi, kijana asiyeoa, walimu wenzake walimwita Bwana Pasi kwa jinsi mashati yake yalivyonyooka asubuhi hadi jioni. Bwana Pasi ndiye aliyeshika mlango wa stoo. Bwana Pasi ndiye aliyebeba meza. Mume aliona jinsi kijana yule alivyosema "dada" kila alipomwita mkewe, na neno hilo, lililopaswa kumtuliza, lilimkera zaidi, kwa kuwa kwa maoni yake mwanamume mwenye nia safi hahitaji kulirudia mara nyingi hivyo.

*

Jumapili mke alikwenda kuoga, na karatasi zake zikabaki mezani. Mume alipita. Akarudi, akapita tena. Kisha akavuta kiti cha mkewe, akakaa.

Hakuwa anatafuta siri. Hakusoma hata mstari. Alichukua miwani ya kusomea ya mkewe akaivaa, ikambana kwenye masikio. Akashika kalamu kama anayefikiri jambo zito, akainamisha kichwa, akageuza ukurasa mmoja polepole. Yeye naye aliwahi kuomba nafasi kama hiyo, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa, akawaambia watu kwamba hakuwahi kuitaka.

"Mtafiti," alijiita, kwa sauti ndogo, kuonja tu linakaaje mdomoni.

Maji yakanyamaza bafuni. Aliirudisha miwani pale pale ilipokuwa, akaenda dirishani kutazama kitu kisichokuwepo. Hakuona kwamba mlango wa chumba cha binti ulikuwa wazi kidogo.

*

Asubuhi ya Ijumaa yenyewe, alitafuta koti lake la kahawia asilione.

Koti hilo lilikuwa nusu ya mtu mwenyewe. Lilikuwa na viraka vya ngozi viwikoni na vumbi la chaki lisilotoka kwa sabuni yoyote, na wanafunzi walijua hali ya hewa ya siku kwa kutazama vifungo vyake.

"Koti langu liko wapi?"

"Sijaliona," alisema mke. Alikuwa amesimama mbele ya kioo na gauni la bluu ambalo mume hakukumbuka kuliona. "Labda umeliacha ofisini."

"Mimi siachi koti ofisini."

"Basi sijui, baba watoto. Leo usinihangaishe, tafadhali."

Binti alikuwa anatafuna mkate akiutazama ukuta kwa makini ya ajabu.

"Gauni jipya?" mume aliuliza.

"La dada yangu, ameniazima."

"Linang'aa. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, mtahini ndiye mwenye kutazama gauni, au kuna mwingine?"

Mke aligeuka. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, na mume angependa zaidi kama ingekuwa hasira. Kisha alichukua mkoba wake akatoka, binti nyuma yake.

Mume alikwenda kazini na shati tupu, akijihisi kama mtu aliyesahau kuvaa kitu cha lazima. Na pale getini, mbele yake, akamwona Bwana Pasi akivuka uwanja na mfuko mkubwa begani. Mfuko ulikuwa umejaa kupita kiasi. Kutoka kwenye mdomo wake ulining'inia mkono wa nguo, wa kahawia, wenye kiraka cha ngozi.

Angeweza kumwita kijana palepale na kumuuliza. Mtu asiye na wivu angemwita. Yeye aliingia ofisini, akafunga mlango, akakaa na swali lake akilitunza kama anayetunza jipu. Mkewe amempa mwanamume mwingine koti lake. Amelitoa kabatini kwa mkono wake, akamdanganya usoni, akavaa gauni la kuazima. Vipindi vyote vya asubuhi aliwafundisha watoto wa watu pembetatu, na kila pembetatu aliyochora aliiona ina watu watatu.

*

Kipindi cha mwisho hakuwa na darasa. Aliyepanga ratiba hujipangia.

Alipita nyuma ya ukumbi. Kidato cha kwanza walikuwa wanasugua sakafu kwa mafagio magumu, maji yakitiririka mpaka nje, na aliruka madimbwi akinyanyua suruali hadi akafika dirisha la stoo. Kulikuwa na mahali ambapo chokaa imekwanguka, upana wa sarafu. Aliweka jicho pale.

Aliona mgongo. Mgongo ulivaa koti lake, viraka viwikoni, vumbi la chaki begani. Mwenye koti alikuwa amekaa mezani, na kutoka kwake ilikuja sauti ya kiume, nzito kidogo, inayokwaruza mwishoni. Mafagio yaliimeza nusu. Sauti hiyo alishaisikia mahali, lakini hakuweza kusema ya nani, na kutokujua huko kukamzidishia.

"...mke wangu..." ilisema sauti. Fagio likapita. "...gauni hilo..." Fagio tena. "...kaa hapa, mke wangu."

Na watu wakacheka. Alimsikia mkewe naye akicheka kile kicheko anachokibana puani, ambacho mume aliamini ni cha nyumbani kwake tu.

Hakukumbuka alivyozunguka kufika mlangoni. Alichokikuta mlangoni kingetosha kumzindua, maana aliyeufungua mlango kidogo kwa ndani alipogonga, na shati lake jeupe lililonyooka, alikuwa Bwana Pasi. Kama Bwana Pasi yuko hapa, nani yumo kwenye koti? Lakini hasira ilikuwa imeshachukua mwendo, haikusimama kupiga hesabu.

"Mwalimu, samahani, bado hajamaliza..." kijana alinong'ona.

"Nipishe!"

Alimsukuma akaingia. Wanafunzi walikaa duara kwenye viti vibovu. Katikati palikuwa na meza, sahani moja tupu, na mwenye koti akiwapa mgongo waliokuwa mlangoni, amezama katika kazi yake kiasi kwamba hakusikia kitu. Alikuwa na kijiko. Alikigonga ukingoni mwa sahani, ti, ti. Akakohoa kikohozi kidogo.

"Mimi sisemi kitu, mke wangu," ilisema ile sauti. "Mimi nauliza tu. Hiki chakula kimepikwa au kimefanyiwa utafiti?"

Darasa lilianza kucheka, halafu mmoja mmoja wakamwona aliyesimama nyuma, na kicheko kikakatika vipande vipande.

"Vua koti langu!" mume alinguruma.

Mwenye koti akageuka. Alikuwa na masharubu ya wino, na juu ya masharubu yalikuwa macho ya binti yake.

Mume alifungua mdomo, na kwa kuwa mdomo una mazoea yake, neno lililotoka lilikuwa lile lile la siku zote.

"Mimi... mimi sisemi kitu!" alipayuka, akijigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Mimi nauliza tu!"

Stoo ililipuka. Hata yule kijana mwenye kigugumizi alikuwa ameanguka kwenye mwenzake. Mume alimtafuta mkewe kwa macho akamwona amesimama ukutani na gauni la bluu, mikono ameifunga kifuani, uso umempauka. Pembeni yake, kwenye kiti pekee kizima, alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Mwanamke huyo alikuwa anatabasamu.

"Hapo sawa," alisema mtahini, akinyoosha mkono kunyamazisha watoto. "Nimelipenda wazo. Baba wa pili anaingia, anamkuta baba wa kwanza. Zuri sana." Akavaa miwani, akamtazama mume juu mpaka chini kwa wema wa mwalimu. "Ila wewe, ndugu yangu, usikasirike nikikuambia. Umetia chumvi. Mtu wa aina hiyo hapigi kelele, wala hajigongi usoni kwa nguvu namna hiyo. Kumwamini nimeshindwa. Binti huyu amekupita mbali. Yeye hamwigi tu huyo mwanamume, anamjua."

Nani angemsahihisha? Wanafunzi waligeuza nyuso kumtazama mwalimu wao wa Kiswahili, kisha wakamtazama Kipeuo. Mume alijua wazi kilichokuwa mkononi mwake. Akisema "mimi ndiye", mambo mawili yatatokea kwa pigo moja. Mtahini atajua kwamba kipindi kimevunjwa na mume mwenye wivu, na huenda mke akaanza upya. Na dunia nzima, kuanzia stoo ile, itajua kwamba yule mtu wa kijiko ni yeye, kwa kukiri kwake mwenyewe.

Hakuwahi kujua baadaye kama alilosema lilikuwa la heshima au la woga.

"Ahsante, mama," alisema. "Nitajirekebisha."

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake taratibu, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Endelea, binti," alimsikia mtahini.

Alitaka kuondoka. Miguu ilimrudisha dirishani, penye kile kitundu. Kidato cha kwanza walikuwa wamemaliza na mafagio yao, na sasa kila neno lilisikika.

Binti alikuwa amebadilisha kiti. Alikaa upande wa pili wa meza na koti lake la kahawia, mikono ikinyoosha karatasi isiyokuwepo. Aligeuka kutazama kama kuna anayemwona. Akachukua miwani ya hewa, akaivaa, na kwa vidole tu alionyesha kwamba ilikuwa inambana masikioni. Akashika kalamu. Akageuza ukurasa mmoja polepole. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko mtoto yeyote anavyoweza kukaa kimya mbele ya wenzake, na hakuna aliyecheka.

"Mtafiti," alijiita, kwa ile sauti ya kiume inayokwaruza mwishoni.

Mmoja kati ya watoto alivuta kamasi. Mume aliondoka dirishani akikanyaga madimbwi yote.

*

Jioni mke alirudi na binti, na koti likiwa limekunjwa vizuri mkononi mwa binti. Mume alikuwa ameweka chai mezani. Alikuwa pia ameosha vyombo, jambo lililowatisha wote wawili.

"Imekuwaje?" aliuliza, akizungumza na birika.

"Imepita," alisema mke. Aliketi kwa uzito kama aliyebeba maji kutoka mbali. "Marekebisho madogo madogo, halafu basi."

"Hongera."

"Ahsante." Alivua viatu kwa kutumia vidole vya mguu. "Sikujua ataigiza nini, wala kwamba koti alishampa Bwana Pasi jana amfichie. Sitakiwi kujua kabla. Alipogonga kile kijiko niliona dunia inazunguka, kicheko kikanitoka kwa hofu. Nilitaka kumsimamisha, wallahi. Ningemsimamisha, tasnifu yote ingekuwa uongo wangu mwenyewe. Nikasimama pale nikajiambia, leo naachika na shahada yangu mkononi."

Mume aliyafikiria hayo. Hakuwa na cha kupunguza.

"Na yule mama," alisema, "amesema nini juu ya... juu ya baba wa pili?"

Mke alimtazama, na kona ya mdomo ikaanza kucheza. "Ameniuliza huyu unamtoa wapi. Nikamwambia ni mwalimu wetu wa Hesabu."

"Akasemaje?"

"Akasema asiache Hesabu."

Kicheko kilimtoka mke puani, kile kile, akajifunika uso kwa kanga ya begani. Mume naye alicheka kidogo, lakini ndani kulikuwa na kitu kinamtafuna ambacho hata yeye alikionea aibu. Mkewe alikuwa amempita kwa shahada, hilo alishaanza kulizoea. Sasa mtoto wake mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya mtahini akawa baba, na baba mwenyewe alipoingia akawekwa nafasi ya pili. Kwenye kuwa yeye, yeye hakushika namba moja. Alimwonea wivu binti yake, wivu mbichi kabisa, na chini ya wivu huo, mahali asipopazoea, palikuwa na fahari iliyokuwa inatafuta njia ya kutokea.

Binti alitundika koti kwenye msumari wake. Masharubu hayakuwa yametoka yote. Kivuli cha wino kilibaki juu ya mdomo.

"Njoo," alisema baba.

Alikuja, akasimama mbali kidogo, kipimo cha mkono usiofika.

"Ile Jumapili uliniona."

"Shikamoo, baba," alisema binti, kwa kuwa hakujua la kusema.

"Marahaba. Nakuuliza. Uliniona?"

"Nilikuona."

Baba aligusa kijiko, akakumbuka, akakiacha.

"Hebu niambie ukweli," alisema. "Hapa hakuna alama, hakuna mtahini. Mimi niko vile? Vile ulivyonifanya pale mbele ya watu, kila siku, humu ndani, ndivyo nilivyo?"

Binti alimtazama mama yake. Mama yake hakumsaidia, maana alikuwa ameshasema kwamba mwanafunzi akianza hakatizwi.

"Hapana, baba," alisema binti.

Baba alishusha pumzi, mabega yakamlegea, na karibu atabasamu.

"Kile kilikuwa kipeuo chako cha pili tu."